Kupanga nyumba ya kujipikia Diani: mwongozo kamili kwa familia inayokwenda likizo pwani

Hotelini unalipia kitanda, unalipia meza, halafu unaishi kwa saa za jiko la watu wengine. Kifungua kinywa kinaondolewa saa nne. Mtoto aliyelala kwa uchovu wa jua akiamka saa tisa ana njaa, unaagiza chipsi kwa bei ya sahani nzima. Nyumba yenye jiko lake inaondoa usumbufu huo. Wali unaivishwa watu wakirudi kutoka majini, bibi mwenye kisukari anakula kwa saa zake, anayefunga anapata daku yake, na mwenye mzio wa karanga hahitaji kumhoji mhudumu kila mlo.

Ila faida ninayoithamini kuliko zote ni nyingine. Jiko linakutoa nje. Linakupeleka kwa wavuvi, linakupeleka sokoni Ukunda, mji ulio jirani na Diani, na pesa ya likizo yako inaingia moja kwa moja mkononi mwa mtu aliyevua, aliyelima au aliyekuna nazi. Sharti lake ni moja tu, nami nalisisitiza: asiwepo mtu katika familia ambaye likizo kwake imekuwa kuhama kutoka jiko la nyumbani kwenda jiko la pwani. Mkishindwa kulitimiza hilo, heri hoteli.

Nimeuchukua Diani, Kaunti ya Kwale, kuwa mfano, kwa sababu nyumba za kupanga zipo nyingi, soko liko karibu na wavuvi wanatua pale pale ufukweni. Mengi ya humu yatakufaa pia ukienda Kilifi, Watamu au Paje.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kupenda picha

Nyumba ya kujipikia haiwi nafuu kwa kila mtu. Inakuwa nafuu mkiwa wengi. Chukua mfano wa watu wazima 6 na watoto 4 kwa usiku 5. Tuseme hoteli inataka shilingi 8,000 kwa mtu mzima kwa usiku, pamoja na kifungua kinywa na chakula cha jioni, na nusu ya hiyo kwa mtoto. Hapo ni 64,000 kwa usiku, yaani 320,000 kwa safari nzima, na chakula cha mchana bado hakijaliwa.

Sasa tuseme nyumba ya vyumba vinne ni 20,000 kwa usiku: 100,000. Chakula 8,000 kwa siku: 40,000. Mpishi 2,000 kwa siku: 10,000. Stima, gesi, maji ya kunywa na usafiri wa kwenda sokoni, weka 8,000. Jumla 158,000. Hizi ni namba za kuonyesha njia tu, bei halisi utazipata kwa kuuliza, lakini fuata mpangilio huo huo, kila gharama kwenye mstari wake. Wengi hulinganisha bei ya kitanda cha hoteli na bei ya nyumba wakasahau stima, mpishi na usafiri wa kwenda sokoni.

Mkiwa wawili na mnakaa siku mbili tatu, mara nyingi hoteli ndogo itawafaa zaidi. Mafuta, chumvi na viungo mtakavyonunua mtaviacha nusu, na nyumba nzima mtailipia wawili.

Hatua ya 2: Chagua majira kwa kufuata upepo

Bei ya nyumba inafuata likizo za shule: Pasaka, Agosti na Desemba inapanda, na kwa Krismasi nyumba nzuri huwa zimeshachukuliwa miezi kadhaa kabla. Jikoni, hata hivyo, kinachotawala ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi. Joto ni kali, bahari imetulia, na samaki wanapatikana kwa wingi. Kusi ikishika, takriban Juni hadi Septemba, hewa ni ya kupendeza na usiku hulali kwa jasho, lakini bahari ya nje ya miamba huchafuka. Mvuvi wa mtumbwi mdogo hatoki kila siku, na bei ya samaki inapanda. Anayekwenda Agosti aweke akilini kwamba kuna siku atakula kunde za nazi na kuku badala ya kolekole.

Aprili na Mei ni masika. Nyumba zinashuka bei sana, na kama unataka kusoma, kulala na kupika taratibu mvua ikinyesha juu ya makuti, ni wakati mzuri. Mwenye watoto wadogo waliotamani bahari atajuta.

Hatua ya 3: Ikague nyumba kwa simu

Picha zinaonyesha bwawa la kuogelea na kitanda chenye maua. Hazionyeshi sufuria. Piga simu, tena ya video, na umwombe anayeitunza nyumba akutembeze: afungue kabati za jikoni, awashe jiko, afungue friji. Ukifika wakati wa maswali, uliza haya bila haya:

– Stima ni ya tokeni, yaani ya kulipia kabla ya kutumia? Nani ananunua? Nyumba zenye kiyoyozi hula tokeni haraka ajabu, na wenye nyumba wengi huweka kiasi fulani, kinachozidi ni chako.
– Mtungi wa gesi ni wa kilo 6 au 13, na una gesi kiasi gani? Kuna wa akiba?
– Maji ya bomba yanatoka wapi? Visima vingi vya Diani vina maji ya chumvi chumvi. Yanafaa kuoga na kuosha vyombo, si kupikia chai.
– Stima ikipotea, kuna jenereta au sola ya kulinda friji?
– Kuna mbuzi ya kukunia nazi, jiko la makaa, sufuria ya kutosha watu kumi, kisu kinachokata?
– Kila kitanda kina neti, na madirisha yana wavu?
– Ufukweni ni umbali gani kwa miguu, na njia yenyewe ni ya umma au inapita ndani ya hoteli?

Hilo la mwisho lina uzito wake. "Dakika tano kutoka baharini" inaweza kuwa dakika tano kwa tuktuk, ng'ambo ya barabara ya Diani. Nyumba za upande wa pili wa barabara ni nafuu zaidi na nyingine ni nzuri sana, ilimradi ujue mapema kwamba utavuka barabara na watoto na ndoo zao za mchanga.

Hatua ya 4: Lipa bila kuibiwa

Utapeli wa nyumba za likizo umezagaa kwenye mitandao, hasa karibu na Desemba. Tapeli huchukua picha za nyumba ya mtu, hushusha bei, halafu hukuharakisha: kuna mwingine anataka kulipa leo. Haraka hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Mwombe akuonyeshe nyumba kwa video wakati huo huo mnapozungumza, akitokea getini hadi jikoni. Asiyeweza kufanya hivyo, achana naye. Ukilipa kwa M-Pesa, linganisha jina linalotokea kwenye simu na jina lililo kwenye makubaliano. Usilipe yote, toa sehemu kwanza, iliyobaki mkishapokea funguo. Na mwandikiane, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: tarehe, idadi ya watu, nani analipa stima, amana ya kufidia kitakachovunjika inarudi lini, mkighairi inakuwaje. Kama una ndugu au rafiki Mombasa au Ukunda, mwombe apite akaone kwa macho. Nauli yake ni ndogo kuliko hasara.

Jamaa wanaokuja kutoka ng'ambo na pasipoti za kigeni wakumbushwe kwamba tangu Januari 2024 Kenya inatumia kibali cha kielektroniki cha kusafiria, eTA, ambacho raia wa nchi nyingi hutakiwa kukiomba mtandaoni kabla ya safari, na mwombaji huulizwa atakapolala. Mwenye nyumba awape barua au risiti ya malipo mapema.

Hatua ya 5: Safari, na vitu vya kubeba

Kutoka Nairobi, familia kubwa hupendelea treni ya Madaraka Express hadi Miritini, kituo chake cha Mombasa. Tikiti za likizo huisha mapema, kwa hiyo zikate mara tu zinapofunguliwa. Kutoka Miritini gari linaweza kupita barabara ya Dongo Kundu na kuingia upande wa kusini bila kungoja feri ya Likoni. Anayeruka hutua Ukunda, dakika chache tu kutoka Diani.

Usibebe soko zima. Nazi, ndimu, tangawizi, pilipili, maembe na mchele vyote viko huko, na vingine ni vizuri kuliko vya kwenu. Beba vitu ambavyo mtu wenu hawezi kukosa: chakula cha mtoto mchanga, dawa, kahawa mliyoizoea, na vikasha vichache vyenye mifuniko. Kisu kizuri ni hazina, maana visu vya nyumba za kupanga karibu vyote ni butu, ila kwenye ukaguzi wa treni hakipiti. Wa gari binafsi abebe, wa treni atanunua Ukunda. Chukua pia vikapu viwili vya sokoni, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017.

Hatua ya 6: Mkifika

Kabla ya masanduku kufunguliwa, mmoja wenu azunguke na anayetunza nyumba. Pigeni picha ya mita ya stima, kilichovunjika, doa la kochi, idadi ya glasi. Washeni kila kichomeo cha jiko. Ulizeni mtungi wa maji wa lita 20 unajazwa wapi. Jioni hiyo msipike chochote kikubwa. Agizeni viazi karai na kuku wa kuchoma, au mmoja aende na tuktuk Ukunda alete chapati na maharage ya nazi. Watu waliochoka na jiko wasilolijua ndio mwanzo wa ugomvi.

Kesho yake asubuhi nendeni sokoni Ukunda, si kwenye supamaketi za kando ya barabara ya hoteli. Supamaketi zinafaa kwa maziwa, sabuni na mafuta. Mboga, matunda na nazi ni za sokoni. Salimieni vizuri kwanza: kwa watu wa pwani, mteja anayeanza na "hii ni pesa ngapi" kabla ya "habari za asubuhi" anajiongezea bei mwenyewe. Ukimpata mama mmoja mwenye mchicha mzuri na kunde za kufa mtu, rudi kwake siku zote. Siku ya tatu atakuwekea embe za ngowe zilizoiva sawasawa bila kumwambia.

Hatua ya 7: Samaki

Hapa ndipo nyumba ya kujipikia inapoishinda hoteli kabisa, basi tutulie kidogo.

Wavuvi wa Diani wana sehemu zao za kutua, kama Mwaepe na Mvuleni, na kila sehemu ina kikundi chake cha usimamizi wa ufuo, ambacho wote hukiita BMU. Wengi hutoka alfajiri, lakini saa ya kurudi inategemea maji kujaa na kupwa, kwa hiyo ulizia jana yake. Samaki hupimwa kwenye mizani mbele yako na bei ni kwa kilo. Kuna pia wanaopita na baiskeli nyumba kwa nyumba. Hao wana nafuu ya kukuokolea safari, ila samaki wao mkague kwa makini zaidi, hasa jua likishapanda.

Mshike samaki. Jicho liwe angavu na limetuna, si jeupe lililozama. Inua shavu, matamvua yawe mekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole: nyama ikirudi, ni wa leo, ikibaki na shimo, ni wa juzi. Harufu iwe ya bahari. Mwambie muuzaji amparue magamba na kumtoa matumbo pale pale, malipo yake ni kidogo na jiko lenu litabaki safi. Omba upewe na kichwa chake, kina mchuzi.

Changu na tafi wanafaa kukaangwa wazima. Kolekole na nguru ni wa vipande na mchuzi. Pweza anataka kupigwa na kuchemshwa muda mrefu, na anayemjua vizuri ni mpishi wa hapo, mwachie yeye. Usinunue samaki wadogo wadogo ambao hawajakua, hata wakiwa rahisi: mwamba wa Diani umevuliwa mno, na wavuvi wenyewe wanalijua hilo vyema. Nyama ya kasa ukiitiwa kichochoroni, kataa. Kasa analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013.

Pikeni samaki wa kupaka angalau mara moja. Kunieni nazi mbili au tatu kwenye mbuzi, watoto watagombania kuikalia. Kamueni tui zito la kwanza, liwekeni kando, kisha mwongeze maji ya uvuguvugu mkamue tui jepesi la kupikia wali. Samaki apakwe kitunguu saumu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, akae nusu saa, kisha achomwe juu ya makaa pande zote mbili. Tui zito lipikwe taratibu na bizari kidogo na ukwaju, mkilikoroga bila kuacha, maana mkiliacha lichemke peke yake litakatika. Likishakuwa zito, mpakeni samaki, mgeuzeni juu ya makaa, mpakeni tena, hadi aive na kutengeneza ngozi ya rangi ya dhahabu iliyoungua kidogo pembeni. Hotelini mtauziwa sahani hiyo kwa bei ya samaki watatu.

Hatua ya 8: Amueni nani anapika kabla hamjaondoka nyumbani

Familia nyingi hazilizungumzii hili, na matokeo yake yanafahamika: baba na watoto wako majini, mama yuko mbele ya jiko lisilo lake, ana joto mara mbili ya lile la nyumbani. Hiyo si likizo. Zungumzeni mapema, mbele ya wote.

Kama mfuko unaruhusu, mwajirini mpishi. Nyumba nyingi za Diani zina mpishi anayejulikana na mwenye nyumba, aidha amejumuishwa kwenye bei au analipwa kwa siku. Kubalianeni naye siku ya kwanza: anafika saa ngapi na kuondoka saa ngapi, nani ananunua chakula, malipo yake kwa siku ni kiasi gani, na atarudije kwao usiku. Akimaliza kupika chakula cha jioni saa mbili, nauli ya bodaboda ni yenu. Ale chakula alichopika, na si mabaki. Ikiwa ni Muislamu, na wengi wa pale ni Waislamu, msimletee nyama ya nguruwe wala pombe ya kupikia, na Ijumaa mpangilieni muda wa kwenda msikitini. Mpeni pesa ya soko asubuhi na mumwombe alete hesabu jioni. Ni desturi yao, haionyeshi kutoaminiana.

Mheshimuni kwa ujuzi wake. Mwambieni mnachokipenda na msichokula, kisha mwacheni apike vya kwao. Kumwajiri Mdigo, mwenyeji wa pwani hii, anayejua mchuzi wa pweza halafu kumtaka apike tambi siku tano ni kujinyima.

Pasipo mpishi, gawaneni zamu kwa mlo, si kwa siku. Kifungua kinywa kinaweza kununuliwa: mahamri na mbaazi za nazi hupatikana asubuhi karibu kila mtaa wa Ukunda. Mchana uwe mwepesi, matunda, mkate, mayai, samaki wa jana, maana jua la saa saba halitaki wali wa sahani kubwa. Unabaki mlo mmoja wa kupikwa, wa jioni, na kila watu wazima wawili wachukue jioni yao, wanaume wakiwemo. Aliyepika haoshi vyombo. Wekeni pia jioni mbili za kula nje, na siku ya kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti msipange kupika kabisa: boti hutoka Shimoni asubuhi, na chakula cha mchana kwa kawaida huliwa kisiwani Wasini.

Hatua ya 9: Tumbili, mbu na joto

Fungeni madirisha ya jikoni hata mkitoka kwa dakika tano. Tumbili na kima wa Diani wanajua kufungua friji na wanajua mkate unakaa wapi. Mbega, yule mweusi mwenye manyoya meupe mabegani, hana shida, yeye ni wa majani, na mtamwona akivuka barabara juu ya ngazi za kamba alizofungiwa asigongwe na magari. Msiwalishe, yeyote kati yao.

Pwani kuna malaria. Laleni ndani ya neti, jipakeni dawa ya mbu jioni, na wanaotoka nyanda za juu au ng'ambo wamwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kinga. Homa ikitokea hata wiki kadhaa baada ya kurudi, mkapime damu mara moja.

Chakula kilichopikwa kwa nazi hakilali nje ya friji. Wali wa nazi wa mchana ukiachwa mezani kwenye joto hilo hadi usiku utachacha na kuwaharibu matumbo. Stima ikipotea, msifungue friji ovyo, na samaki mbichi apikwe kwanza kabla ya kingine chochote.

Hatua ya 10: Kuondoka

Siku mbili kabla, acheni kununua na mle kilichopo. Unga, mafuta na mchele uliobaki mpeni mpishi au mlinzi, mkimuuliza kwanza kwa adabu kama angependa kuvichukua. Bakshishi ni pesa, hiyo msiibadilishe na chumvi iliyobaki, na mpeni kila mmoja mkononi mwake, maana inayoachwa kwa mmoja "agawe" huleta maneno mkishaondoka. Osheni sufuria, toeni takataka za samaki usiku uliotangulia la sivyo tumbili watazitoa wao, na pigeni tena picha ya mita na vyumba. Zungukeni na mtunza nyumba mkilinganisha na picha za siku ya kwanza, na amana mkubaliane itarudi kwa namba gani ya simu na siku gani, kabla hamjakabidhi funguo.